Hofu ya vidonge na kisukari cha mimba kilichosahauliwa

Kwamba vidonge vya majira huigusa sukari ya mwili ni jambo lililojulikana tangu miaka ya 1960, na mtaalamu anayemwambia mwanamke kwamba havina athari yoyote hamtendei haki. Lakini kuigusa sukari na kuleta kisukari ni mambo mawili, na wanawake wengi wameachiwa wayaunganishe wenyewe, kwa wanayoyasikia kwa majirani na kwa wanayoyasoma kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa. Hoja yangu ni hii: ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya nusu karne haumpi mwanamke mwenye afya sababu ya kuacha vidonge kwa kuogopa kisukari, na hofu hiyo, kwa kuwa imeelekea upande usio wake, inatufanya tumsahau mwanamke ambaye hatari yake ni kubwa kweli kweli. Huyo ni yule aliyepata sukari akiwa mjamzito, akajifungua salama, akaambiwa sukari imeshuka, akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo hakuna aliyempima tena.

Tuanzie pale hofu ilipopata msingi. Kidonge cha kwanza kuruhusiwa nchini Marekani kwa ajili ya kuzuia mimba, Enovid, mwaka 1960, kilikuwa na mikrogramu 150 za mestranoli, ambayo ni aina ya estrojeni, pamoja na takriban miligramu 10 za projestini. Kidonge kama Microgynon kina mikrogramu 30 za ethinilestradioli na mikrogramu 150 za levonorgestreli. Homoni hizo si zile zile, kwa hiyo huwezi kuzilinganisha kwa uzito peke yake, ila mwelekeo hauna utata: mwanamke wa leo anameza sehemu ndogo tu ya kile alichomeza mwanamke wa mwaka 1960. Tena katika pakiti ya vidonge 28 inayogawiwa kwenye vituo vyetu, vile saba vya rangi ya kahawia mara nyingi havina homoni kabisa. Ni madini ya chuma, vimewekwa ili mtumiaji asipoteze hesabu ya siku. Ninaeleza haya kwa kirefu kwa sababu kila utafiti kuhusu vidonge na kisukari lazima kwanza uulizwe: vidonge vipi, na vya miaka gani? Asiyeuliza hivyo atabeba majibu ya dozi za zamani na kumtishia nayo binti wa leo.

Mwaka 1966 Victor Wynn na John Doar walichapisha katika jarida la Lancet, London, matokeo ya kuwapima sukari wanawake waliokuwa wakitumia vidonge. Kipimo cha namna hiyo, kama kinavyofanywa siku hizi, huchukua asubuhi nzima. Mwanamke hufika hajala tangu jana yake usiku, hutolewa damu, kisha hunywa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa kwenye maji, kinywaji kitamu hata wengine hukitapika. Halafu hukaa kitini akisubiri, na damu hutolewa tena saa mbili zikitimia. Wynn na Doar waliona kwamba kwa watumiaji wa vidonge sukari ilipanda zaidi baada ya kinywaji kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 1990 Ian Godsland, akiwa na Wynn na wenzao, alirudia kazi hiyo kwa wanawake zaidi ya elfu moja waliotumia aina mbalimbali za vidonge na mia nne na ushei wasiotumia. Kwa waliotumia vidonge mseto, yaani vyenye estrojeni na projestini pamoja, mpando wa sukari baada ya kinywaji ulikuwa mkubwa kwa asilimia 43 hadi 61, na mpando wa insulini kwa asilimia 12 hadi 40. Vidonge vya projestini peke yake havikuleta mabadiliko makubwa namna hiyo.

Asilimia 61 inatisha ikisomwa peke yake. Inapaswa kusomwa pamoja na maana yake. Kinachopimwa hapo ni ukubwa wa kile kilima ambacho sukari hukipanda na kukishuka ndani ya saa chache baada ya kunywa glukosi nyingi kwa mkupuo. Si kiwango cha sukari anachoishi nacho mwanamke mchana na usiku. Kisukari hutambuliwa pale sukari ya asubuhi kabla ya kula inapofika milimoli 7 kwa lita, au inapofika milimoli 11.1 saa mbili baada ya kinywaji, na wengi mno wa watumiaji wale walikuwa chini ya mistari hiyo. Kilichotokea miilini mwao kinaelezeka. Homoni za vidonge hufanya misuli na ini visiitikie insulini kwa wepesi wa kawaida, na kongosho, likiwa zima, hutoa insulini zaidi kidogo kufidia. Fidia hiyo ndiyo inayoonekana katika asilimia zile. Mwanamke mwenye kongosho zima anaweza kuibeba kwa miaka bila kuugua. Mwenye kongosho lililokwisha kuchoka ndiye wa kuulizia, na huyo nitamrudia.

Basi, je, kufidia huko huishia kwenye ugonjwa miaka inapopita? Hapa kipimo cha maabara hakitoshi, inabidi kuwafuatilia watu. Kundi maarufu kuliko yote ni la wauguzi wa Marekani, ambao tangu mwaka 1976 wamekuwa wakijaza madodoso kuhusu afya na maisha yao. Eric Rimm na wenzake walitangaza mwaka 1992 matokeo ya zaidi ya wauguzi 115,000 waliofuatiliwa kwa miaka 12: waliowahi kutumia vidonge walikuwa na hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili iliyozidi ya wenzao kwa takriban asilimia 10 tu. Wengi wao walikuwa wametumia vidonge vya dozi kubwa vya enzi za mwanzo. Mwaka 1997 Lisa Chasan-Taber na wenzake wakachapisha habari za kizazi kilichofuata, wauguzi zaidi ya 98,000 waliokuwa na umri wa miaka 25 hadi 42 mwaka 1989, wengi wakitumia vidonge vya dozi ndogo. Kwa watumiaji wa wakati huo makadirio yalikuwa juu, lakini pana mno kiasi kwamba yaliruhusu hata kusiwe na ongezeko lolote. Na katika kundi lote hilo, kwa miaka minne, waliopata kisukari hawakufika 200. Hata kama tungekubali kwamba sehemu ya ongezeko hilo ni ya kweli, tungekuwa tunazungumzia wanawake wachache mno kati ya makumi ya maelfu. Utafiti mwingine wa Marekani, CARDIA, uliowafuatilia vijana weusi na weupe, ulikuta hata kinyume: waliokuwa wakitumia vidonge walikuwa na sukari ya chini kidogo kuliko wasiotumia.

Msomaji makini atasema kwamba tafiti za kufuatilia zinaweza kudanganya, na yuko sahihi. Anayetumia vidonge hufika kliniki mara kwa mara, hupimwa presha, huenda akapimwa na sukari. Kisukari chake kitagunduliwa mapema kuliko cha jirani yake asiyekanyaga hospitali, na kitahesabiwa kama kosa la kidonge. Kuna pia wanawake wenye ovari zenye vifuko vingi, ambao hedhi zao hazina mpangilio. Hao hupewa vidonge kama tiba, na ugonjwa wao wenyewe huelekeza kwenye kisukari. Ukiwachanganya na wengine, kidonge kitaonekana kimeleta kile kilichokuwepo. Lakini udanganyifu huo una upande wa pili vilevile. Daktari anapoona mwanamke mnene mwenye presha, humnyima vidonge, na kwa hiyo wanaobaki kwenye vidonge ni wale wenye afya nzuri zaidi. Huenda hicho ndicho kilichowafanya watumiaji wa CARDIA waonekane wamekingwa. Kwa hiyo siegemezi hoja yangu kwenye utafiti mmoja ulionipendeza. Ninachokiona ni kwamba katika tafiti kubwa, zenye makosa ya kuvutia huku na huku, athari inayoonekana ni ndogo, na mara nyingine haionekani kabisa.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote limetoka Ufaransa. Mwaka 2020 watafiti walitangaza matokeo ya wanawake zaidi ya 83,000 wa kundi la E3N waliofuatiliwa kwa miaka 22: waliowahi kutumia vidonge walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 33. Idadi ni kubwa, muda ni mrefu, na sipendi kupita juu yake haraka. Lakini wanawake hao, ambao wengi ni walimu, walizaliwa kati ya mwaka 1925 na 1950. Waliokuwa katika umri wa kuzaa miaka ya 1960 na 1970 walimeza vidonge vya miaka hiyo. Wanatupa habari muhimu kuhusu dozi ambazo sasa hazigawiwi, na ni vibaya kuzihamishia kwenye pakiti iliyoko dukani leo bila kusema hivyo. Tena matokeo ya kufuatilia hayawezi kumaliza ubishi wa namna hii, kwa sababu wanawake waliochagua vidonge Ufaransa ya wakati ule walitofautiana na wasiovichagua katika mambo mengi ambayo dodoso halishiki yote.

Ushahidi wa majaribio, ambapo watu hugawiwa dawa kwa bahati nasibu, umekusanywa katika mapitio ya Cochrane yaliyosasishwa mwaka 2014. Majaribio 31 yalikubaliwa, na kwa wanawake wasio na kisukari hayakuonyesha tofauti kubwa za sukari kati ya njia mbalimbali za homoni. Mapitio hayo yana udhaifu wake, na waandishi wenyewe wameueleza: hakuna jaribio hata moja lililotumia kidonge bandia kisicho na dawa, na wanawake wanene walikuwa wachache. Udhaifu huo wa pili ndio unaoniumiza zaidi, kwa sababu hatari ya kisukari iko kwa wanene. Kuhusu unene wenyewe, mapitio mengine ya Cochrane hayakuona kwamba vidonge mseto huongeza uzito kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo dai kwamba vidonge hunenepesha, na unene huleta kisukari, linakatika kwenye kiungo chake cha kwanza. Na kwa wale wenye ovari zenye vifuko vingi, watafiti wa Birmingham, Uingereza, walikuta mwaka 2021 kwamba waliotumia vidonge mseto walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata matatizo ya sukari, kwa takriban robo, kuliko wenzao wasiotumia.

Sasa nirudi kwa mwenye kongosho lililochoka. Mimba yenyewe ni mtihani wa sukari mkali kuliko kidonge chochote. Kuelekea miezi ya mwisho mwitikio wa mwili kwa insulini hushuka hadi karibu nusu. Mwanamke ambaye kongosho lake haliwezi kufidia kiasi hicho hupata kisukari cha mimba. Akijifungua, kondo la nyuma linatoka, homoni zinashuka, sukari inarudi mahali pake, na kila mtu anafurahi. Lakini mimba imekwisha kufichua udhaifu uliokuwepo, na udhaifu hautoki na kondo. Uchambuzi uliochapishwa katika Lancet mwaka 2009 ulikadiria kwamba hatari ya mwanamke huyo kupata kisukari cha aina ya pili baadaye ni zaidi ya mara saba ya mwenzake ambaye mimba yake haikuwa na sukari. Mwingine wa mwaka 2020, wa jarida la BMJ, ulipandisha makadirio hadi karibu mara kumi. Zilinganishe namba hizo na ile asilimia 10 ya wauguzi. Moja ni manyunyu, nyingine ni masika.

Tafiti za Los Angeles zinaonyesha jambo hili kwa ukaribu unaostahili kukumbukwa. Siri Kjos na wenzake waliwafuatilia wanawake 904 wenye asili ya Amerika ya Kilatini waliokuwa wamepata kisukari cha mimba, na mwaka 1998 wakaripoti kwamba vidonge mseto vya dozi ndogo havikuongeza hatari kuliko njia zisizo na homoni. Waliotumia vidonge vya projestini peke yake wakati wa kunyonyesha, hata hivyo, walipata kisukari karibu mara tatu zaidi. Ni utafiti mmoja, haukugawa dawa kwa bahati nasibu, na Shirika la Afya Duniani halikubadili mwongozo wake kwa sababu yake. Bado unatosha kutufanya tuwe macho. Baadaye Anny Xiang na wenzake, mwaka 2006, walilinganisha sindano ya miezi mitatu na vidonge mseto katika kundi kama hilo. Waliochoma sindano walipata kisukari kwa takriban asilimia 19 kwa mwaka, wa vidonge asilimia 12. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitoweka watafiti walipozingatia uzito ulioongezeka na hali waliyokuwa nayo wanawake tangu mwanzo. Ninaomba msomaji asitazame tofauti kati ya 19 na 12 peke yake. Atazame hiyo 12. Katika kila wanawake mia waliopata sukari katika ujauzito, wakatumia njia iliyohesabiwa kuwa salama, kumi na wawili waligeuka wagonjwa wa kisukari kila mwaka. Kidonge hakikuwafanya hivyo. Walikuwa wanaelekea huko tangu wodini.

Afrika Mashariki hesabu hii ina sura yake. Kwetu kidonge hakiongozi. Utafiti wa demografia na afya wa Kenya wa mwaka 2022 uliona asilimia 57 ya wanawake walioolewa wakitumia njia za kisasa, na sindano na vipandikizi ndivyo vilivyotangulia. Tanzania nako kijiti, ambacho ndicho kipandikizi, na sindano vimekipita kidonge. Kwa hiyo anayechukua mjadala wa Ulaya kuhusu kidonge na kuuleta hapa mzima mzima anabishana kuhusu njia ambayo wanawake wetu wengi hawatumii, huku sindano, ambayo huwaongezea baadhi yao uzito, ikibaki bila kuulizwa. Mwanamke anayechoma sindano apimwe uzito kila anaporudi, na uzito ukipanda mfululizo aelezwe kwamba njia nyingine zipo. Hilo halihitaji mashine yoyote mpya.

Wapo wanaosema tafiti zote hizi ni za wauguzi wa Marekani, walimu wa Ufaransa na wanawake wa Los Angeles, nazo hazituhusu. Ninakubali kwamba tunahitaji zetu, na ni aibu kwamba hadi leo tunaazima. Lakini jinsi homoni zinavyoathiri ini na misuli haibadiliki kwa kuvuka bahari. Kinachobadilika ni hali ya mwanamke anapoanza kumeza kidonge: uzito wake, ukoo wake, na kama amewahi kupimwa. Na hapo sisi tuko nyuma. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba katika kanda yake ya Afrika kulikuwa na watu wazima milioni 24 wenye kisukari, na kwamba asilimia 54 kati yao hawakujua. Mwanamke mwenye sukari isiyojulikana anayepewa vidonge hadhuriki kwa sababu vidonge vilimletea kisukari. Anadhurika kwa sababu hakuna aliyejua kwamba tayari anacho.

Wengine huuliza kwa nia njema: kama kuna shaka hata ndogo, kwa nini tusiviache tu? Kwa sababu kuacha kuna gharama yake, na gharama hiyo hulipwa na mwanamke. Anayeacha bila kubadili njia hupata mimba, na mimba huupa mwili mzigo wa sukari ambao kidonge hakijawahi kuukaribia. Kwa mwenye kisukari tayari ni hatari zaidi, maana viungo vya mtoto huumbika katika wiki nane za kwanza, mara nyingi mama hajajua hata kama ana mimba, na sukari iliyo juu wakati huo huongeza mno uwezekano wa mtoto kuzaliwa na kasoro za moyo na uti wa mgongo. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, unaozipanga njia kwa madaraja kutoka la 1, ambalo halina kizuizi, hadi la 4, ambalo ni marufuku, unawaweka wanawake waliowahi kupata kisukari cha mimba daraja la 1 kwa njia zote. Mwenye kisukari ambacho hakijaharibu mishipa yuko daraja la 2 kwa vidonge mseto, yaani faida inashinda. Ni pale figo, macho au neva vinapokuwa vimeguswa, au ugonjwa umezidi miaka 20, ndipo vidonge mseto hupanda daraja la 3 au la 4, na sababu yake kubwa ni moyo, mishipa na kuganda kwa damu kuliko sukari yenyewe. Huyo bado ana kitanzi cha shaba, ambacho kwake ni daraja la 1, na kijiti, ambacho ni la 2. Nani amnyime?

Kinachokosekana, basi, ni kipimo, tena kwa wakati wake. Miongozo mingi inataka mwanamke aliyepata kisukari cha mimba apimwe sukari wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, kisha arudiwe kila mwaka mmoja hadi mitatu maisha yake yote. Kumpima kuna faida ya kweli: katika mpango mkubwa wa kuzuia kisukari nchini Marekani, wanawake waliokuwa na historia hiyo na sukari iliyoanza kupanda walipunguza hatari kwa takriban nusu, ama kwa kubadili chakula na mazoezi, ama kwa dawa ya metifomini. Tatizo ni kwamba mama akishatoka wodini hafikirii tena mwili wake, anafikiria mtoto. Lakini mtoto huyo huyo lazima apelekwe chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14, Tanzania na Kenya sawasawa, na akina mama wetu wanajitahidi sana kufika. Mara mbili kati ya hizo tatu ziko ndani ya muda unaotakiwa hasa. Yuko pale kwenye benchi, mtoto mgongoni, na mara nyingi ndipo anapoulizwa kuhusu uzazi wa mpango. Kunywa glukosi na kusubiri saa mbili huku akinyonyesha ni usumbufu mkubwa, nami singependa tuanze na hilo. Tuanze na kuandika kwenye kadi, kwa kalamu nyekundu, kwamba alikuwa na sukari ya mimba, na kumwambia tangu wodini kwamba asubuhi ya chanjo ya wiki ya 6 aje kabla hajanywa chai. Tone moja la damu ya kidole linatosha kwa hatua ya kwanza, na wale ambao sukari yao itakuwa juu wapelekwe kwenye kipimo kamili. Gharama ya vile vijiti vya kupimia ibebwe na bajeti ya afya ya uzazi, si na mfuko wa mama, kwa kuwa akiambiwa alipe atasema atakuja siku nyingine.